Ufunguo wa kukunja: ganda rahisi, safari ghali

Mkulima wa miwa wa Kidodi malipo yake yakishaingia, gari analoleta nyumbani huwa Noah, Probox au IST iliyomaliza ujana wake Japani. Ufunguo unaokuja nalo mara nyingi ni mmoja tu. Umepauka, plastiki imekatika pale pa kupitishia pete, na vitufe vya rimoti vimezama ndani. Ndipo jirani anapochomoa wa kwake mfukoni: anabonyeza, chuma kinaruka nje na mlio wake, anakirudisha ndani kwa kidole gumba, na suruali haitoboki. Swali linafuata hapo hapo. Kubadilisha ni shilingi ngapi?

Ukiangalia ganda peke yake, ni bei chee. Kwenye masoko ya mtandaoni ya China ganda la Toyota la vitufe viwili huuzwa kati ya dola 3 na 8, yaani kama shilingi elfu 8 hadi 20, kabla ya gharama ya kulisafirisha. Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji anaongeza faida yake, na hilo ni haki yake. Ila soma neno dogo lililo pembeni ya picha: tupu. Unachonunua ni vipande viwili vya plastiki, springi, pini na chuma kisicho na meno. Bodi ya rimoti haimo, chipu haimo, betri haimo. Vitufe vyenye picha ya kufuli vipo, lakini nyuma yake hakuna kitu. Wako watu wanaotembea na vitufe hivyo mwaka mzima na milango wanafungua kwa kuingiza chuma kitasani. Sina neno nao, mradi walijua wanachonunua.

Kabla hujataja bei na fundi, jua kwanza kama gari lako lina imobilaiza, kile kifaa kinachoizuia injini isiwake hadi kisome chipu iliyo kichwani mwa ufunguo. Uingereza iliyalazimisha magari mapya yote kuwa nacho tangu Oktoba 1998. Japani haikuweka sharti hilo, ndiyo maana magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko lake la ndani, ambayo ndiyo yanayojaa barabara zetu, huwashwa kwa chuma kitupu. Lakini usibahatishe kwa kutazama jina la gari, kwa sababu IST mbili za rangi moja zaweza kutofautiana. Kipimo cha nyumbani kipo. Funga kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya foili, ile ya kuokea samaki, chuma kibaki nje, kisha jaribu kuwasha. Starta ikizunguka na injini isishike, kisha ukiondoa foili ishike mara moja, chipu ipo. Taa ndogo nyekundu inayopepesa kwenye dashibodi ukiwa umechomoa ufunguo ni dalili nyingine, japo wakati mwingine huwa ni ya alamu tu.

Jibu la kipimo hicho ndilo linaloamua bei yote.

Gari lisilo na chipu ni kazi nyepesi. Unahitaji ganda na mtu mwenye mashine ya kuchonga. Hapo jambo la kuangalia ni chuma. Toyota peke yake ina mifereji ya aina kadhaa, na wauzaji wanaitambua kwa namba kama TOY43 na TOY47. Zinafanana machoni pa asiyejua, na ukinunua isiyo yako kitu hakiingii kwenye swichi hata ukikipaka mafuta. Peleka ufunguo wenyewe dukani, usipeleke maelezo. Halafu kuna suala la meno. Ufunguo uliotumika miaka kumi na mitano umelika, na mashine ya kunakili haijui kulika ni nini. Inaiga kila inachokiona. Ukinakili ufunguo uliolika unapata ufunguo mpya wenye uchakavu wa zamani, na wewe unashangaa kwa nini mlango wa abiria unagoma. Kama ule wa akiba haujaguswa na upo, basi nakala itoke huko. Na kama lile bati dogo lenye namba ya ufunguo limesalia na gari, jambo ambalo ni nadra, fundi mwenye mashine ya namba anaweza kurudisha meno yalivyotoka kiwandani.

Gari lenye chipu ni upasuaji. Kwenye funguo nyingi za Toyota za zamani zisizo na rimoti, chipu imezikwa ndani ya plastiki ya kichwani na hakuna skrubu ya kufungua. Fundi anabana chuma kwenye jiliwa, anaanza kukata plastiki pole pole kwa wembe mzito au msumeno mwembamba, akikwangua pembeni hadi kitokee kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, au kijiti cha kioo kilicho chembamba zaidi. Kioo kikipasuka, gari limelala hapo. Nimewahi kumwona fundi akiifanya kazi hii kwa koleo, mkono wa pili umeshika simu, na mwenye gari amesimama akitabasamu. Ingekuwa gari langu nisingetabasamu.

Chipu ikitoka salama bado kuna mahali pa kuiweka. Pete inayoisoma iko kuzunguka swichi, na husoma kwa sentimita chache tu. Ganda zuri lina kitundu cha chipu karibu na bawaba ya chuma. Ganda baya halina, kwa hiyo chipu inabandikwa kwa gundi popote penye nafasi, na gari linaanza tabia ya kuwaka leo na kukataa kesho. Mwenye gari atabadilisha betri, atabadilisha plagi, atamlaumu fundi umeme, kumbe ni tone la gundi. Njia ya pili ni kuiacha chipu ya zamani ilipo na kununua nyingine. Chipu za zamani zinaweza kunakiliwa kwa mashine, nyingine mpaka gari liwepo na kifaa kichomekwe chini ya dashibodi. Hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na ndiyo isiyopatikana kwa fundi wa kando ya stendi anayechonga funguo za makufuli na pikipiki.

Rimoti nayo ina hesabu yake. Kama ufunguo wako una vitufe vilivyomo kichwani, bodi yake ndogo inahamishiwa kwenye ganda jipya, na inabidi ikae sawasawa chini ya mpira wa vitufe. Ikipishana kwa milimita moja unabonyeza hadi kidole kiume. Usimruhusu fundi akuuzie bodi mpya bila kuuliza masafa: rimoti za magari ya soko la Japani hutumia megahezi 312 hadi 315 hivi, za Ulaya 433, na hizo mbili hazisikilizani. Betri ni kitu cha kuangalia kwa macho tu. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR1616 ina kipenyo cha milimita 16 na unene wa 1.6. Zote ni volti 3. Ukitia nyembamba penye nene inacheza ndani, na rimoti inakufa kila ufunguo ukianguka.

Wapo wanaopita njia ya mkato: wananunua seti nzima ya alamu, inayokuja na sanduku la nyaya na rimoti mbili za kukunja zenye chuma kisichochongwa. Kwa Probox ambayo haikuwahi kuwa na rimoti, hili ni chaguo la maana kuliko ganda tupu, kwa sababu vitufe vinafanya kazi kweli na funguo zinakuwa mbili. Gharama yake ni fundi umeme. Akiunga nyaya kwa kuzisokota na kuzungushia selotepu, utamjua siku ya mvua ya kwanza kubwa ya masika. Na kama gari lina imobilaiza, chipu bado ni shughuli nyingine juu ya hiyo.

Sasa safari ya kulifuata ganda na fundi. Kutoka Mikumi mjini hadi Morogoro ni karibu kilomita 120, na hadi Dar es Salaam ni karibu 300. Kidodi na Ruaha ziko upande wa pili, barabara ya kwenda Kidatu na Ifakara, kwa hiyo mtu wa huko anaongeza kipande chake kabla hajaigusa lami kuu. Mkazi wa Kilosa ana treni ya mwendokasi. Nauli ya treni ya kawaida kati ya Dar na Morogoro ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, kwenda na kurudi 26,000, na hapo bado hujahesabu kipande cha kutoka Kilosa. Safari hiyo moja tu imekwisha kulipita ganda kwa bei. Tuseme ganda ni elfu 20 na kuchonga elfu 15. Ukifuata mwenyewe Dar, ukala, ukalala usiku mmoja, kazi ya elfu 35 inapita laki moja bila kujitahidi. Ikiharibika mwezi wa pili, unaanza upya.

Kutuma ufunguo kwa basi kunapunguza gharama, maana mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita Mikumi mchana kutwa. Lakini unatuma nini kama unao mmoja? Gari litakaa kwenye jiwe hadi kifurushi kirudi, na kikipotea njiani umenunua tatizo kubwa kuliko plastiki iliyochanika. Ndiyo maana kwa maoni yangu fedha ya kwanza isiende kwenye ganda. Iende kwenye nakala ya kawaida inayowasha gari, chuma na kichwa cha plastiki, isiyo na mbwembwe. Ikishakuwapo na imejaribiwa, ndipo nakala hiyo, au ganda juu yake, ichezewe upendavyo. Ule wa kiwandani ubaki kabatini kama ulivyo.

Wanaosema kwamba wa kukunja ni wa kisasa zaidi na kwa hiyo ni bora, wakumbuke yaliyoikuta General Motors ya Marekani. Juni 2014 kampuni hiyo ilitangaza kuyarudisha gereji magari zaidi ya 500,000 ya Chevrolet Camaro, yaliyotengenezwa kuanzia toleo la 2010 hadi la 2014. Ufunguo wake ulikuwa wa kukunja, kichwa na chuma kitu kimoja, na goti la dereva aliyeketi karibu na usukani lingeweza kuugonga na kuizungusha swichi, injini ikazimika gari likiwa mwendoni. Tiba iliyotolewa ilikuwa kuwapa wateja ufunguo wa kawaida, wenye chuma kilichotengana na rimoti. Kiwanda kizima kilikwenda kinyume na safari ya jirani yako wa Kidodi. Mapema mwaka huo huo, kwenye sakata jingine la swichi zake, kampuni iliwaambia wateja waondoe kila kitu kwenye pete ya ufunguo. Siyo kwamba Noah yako ina kasoro ya Camaro. Lakini swichi iliyozeeka haipendi uzito, na kichwa cha kukunja ni kizito kuliko kile ulichokitoa, tena kinakaa mbali kidogo na swichi kwa sababu ya bawaba. Ukikitundikia funguo za nyumba, za ghala na kifungulio cha soda, kila tuta la ndani ya hifadhi ya Mikumi linakigonga, na barabara kuu inakatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi.

Udhaifu wa pili ni vumbi. Springi ya ufunguo wa kukunja imezungushwa ndani ya kikombe kidogo, na kinachoshikilia chuma ni pini moja nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Udongo wa njia ya kupanda mlima wa Vidunda unaingia humo pamoja na jasho la mfukoni. Dalili ya kwanza ni chuma kutoka nusu njia. Ya pili ni kucheza: ukiuingiza kwenye swichi, kichwa kinazunguka kidogo kabla chuma hakijafuata. Hapo acha kuutumia, usingoje pini itoke. Usitie mafuta ya kupikia wala grisi, vinakusanya uchafu. Unga wa penseli unatosha. Na swichi ikiwa ngumu, itengenezwe kwanza, kwa sababu nguvu unayotumia kuizungusha inaishia yote kwenye pini hiyo.

Kwa wenye pikipiki wa Vidunda kwenyewe mlimani, ganda la kukunja sioni linawasaidia nini. Ufunguo unakaa kwenye swichi siku nzima, juani na mvuani, ukitikisika.

Kwa aliyekwisha kuamua, mkubaliane na fundi bei ya mwisho ikiwa na vitu vyote: ganda, kuchonga, kuhamisha chipu na bodi, betri, na nani analipa chipu ikivunjika mkononi mwake. Akisita kwenye hilo la mwisho, chukua ufunguo wako uende. Akikubali, kazi ikiisha usitoe hela ukiwa umekaa kwenye benchi. Nenda kwenye gari naye. Mlango wa dereva, mlango wa abiria, buti, kifuniko cha tangi kama kina kitasa, kisha washa na kuzima mara kadhaa, ukingoja kidogo katikati ili imobilaiza isome upya. Na udai chuma chako cha zamani, hata kama kimebaki bila kichwa. Kikiwa na meno yake bado kinafungua mlango siku utakapojifungia nje, na kinaweza kuchongewa kingine.