Wastani hauoteshi mahindi

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulikauka kiasi cha kuwafanya wakazi wa Dar es Salaam wagawiwe maji kwa zamu. Aprili 2024, miezi 18 tu baadaye, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge mjini Dodoma kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yamekwishaua watu 155 nchini. Mwezi huohuo baadhi ya mitambo ya umeme wa maji ilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, ilhali mwaka uliotangulia watu walilalamikia mgawo.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika kaunti za kaskazini na mashariki. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño, maji yakajaa katika nchi ileile iliyokuwa na mizoga ya ng'ombe. Masika yaliyofuata hayakutoa nafuu: usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani yalivunja kizuizi na kusomba nyumba pamoja na watu waliolala ndani.

Chukua mvua ya miaka hiyo yote, jumlisha, kisha gawa. Huenda ukapata tarakimu isiyomtisha mtu yeyote. Ndiyo hatari ya wastani: unaficha njaa na mafuriko ndani ya namba moja. Na kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo namba hiyo inavyozidi kukosa maana kwa mkulima, kwa mhandisi wa daraja na kwa anayepanga bajeti ya wilaya.

Joto linavyoipanga upya mvua

Hewa ikipata joto huweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Kanuni ya fizikia inayoeleza jambo hili ina zaidi ya karne moja na nusu: kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, uwezo wa hewa kubeba mvuke hukua kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo wingu la leo likiamua kumwaga, lina mengi ya kumwaga.

Hata hivyo, jumla ya mvua duniani haikui kwa kasi hiyo. Mvuke unapogeuka maji angani hutoa joto, na joto hilo lazima lipotee kwenda anga za juu kabla mzunguko haujaendelea. Breki hiyo hufanya jumla ya mvua ya dunia iongezeke kwa asilimia 1 hadi 3 tu kwa kila nyuzi 1. Sasa piga hesabu. Mvua kubwa zinaongezeka kwa karibu asilimia 7, jumla inaongezeka kwa 1 hadi 3. Tofauti lazima itoke mahali, nayo hutoka kwenye mvua ndogo na za wastani, zile za rasharasha zinazokuja mara kwa mara. Fikiria mtungi unaojazwa polepole, na kata ya kuchotea iliyokuzwa: kila ukichota unapata maji mengi, lakini unasubiri zaidi kabla ya kuchota tena.

Hayo si makadirio ya kesho pekee. Julai 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Wenxia Zhang wa China, akishirikiana na wenzake wakiwamo wa Uingereza. Walipekua takwimu za mvua za zaidi ya miaka 100 na kukuta kwamba kuyumba kwa mvua kumeongezeka katika takriban robo tatu ya maeneo ya nchi kavu waliyoyachunguza. Kwa wastani wa dunia, mvua ya siku kwa siku imekuwa ikizidi kuyumba kwa asilimia 1.2 kila miaka 10, na chanzo kikuu ni gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu.

Bahari ya Hindi ina sauti yake

Kuyumba kwenyewe si kugeni kwetu. Mvua za mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, zilikuwa kubwa kiasi kwamba Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Kiwango cha 1964 kilidumu kama rekodi hadi 2020, kilipovukwa, kisha rekodi mpya nayo ikavukwa 2024.

Mwendesha bembea hii ya mafuriko na ukame yuko baharini. Katika miaka fulani maji ya Bahari ya Hindi upande wetu, wa magharibi, hupata joto kuliko yale ya karibu na Indonesia. Upepo hubadilika, mawingu hujengeka huku, na vuli yetu hufurika. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019. Hali ikigeuka, joto likahamia mashariki, vuli hukauka. El Niño na La Niña za Bahari ya Pasifiki huongeza nguvu upande mmoja au mwingine. Ule ukame wa misimu mitano uliandamana na La Niña iliyorudi miaka mitatu mfululizo.

Ongezeko la joto halikuivumbua bembea hii, lakini linaisukuma. Bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke mwingi mwaka wa mafuriko. Mwaka wa ukame, hewa yenye joto hunyonya unyevu wa udongo na wa majani kwa haraka zaidi. Wanasayansi waliouchunguza ukame wa Pembe ya Afrika walieleza Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa aina ile takriban mara 100, na sehemu kubwa ya sababu ni huko kunyonywa kwa unyevu. Mvua ileile iliyotosha enzi za babu sasa huenda isitoshe, kwa sababu kiu ya hewa imeongezeka.

Masika nayo yana fumbo lake. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 yalipungua Afrika Mashariki, mara nyingi kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kukatika. Lakini programu nyingi za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya baadaye zinasema kanda hii itapata mvua zaidi. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya wastani. Juu ya mvua kubwa kuzidi kuwa kubwa, hawabishani.

Mashamba mawili, milimita 150

Tuteremke shambani. Mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele hutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku, yaani milimita 150 kwa mwezi. Shamba la kwanza linapata milimita 25 kila siku ya tano. Mkulima anapalilia, anatia mbolea, anavuna. Shamba la pili nalo linapata milimita 150, ila kwa siku mbili tu: 75 mwanzoni mwa mwezi na 75 siku ya 25.

Milimita 75 kwenye ekari moja ni kama lita 300,000. Yakimwagika kwa saa mbili, matone makubwa huupiga udongo ulio wazi hadi ukafunga juu kama sakafu, na maji yanayofuata hukimbilia bondeni yakiwa na mbolea na udongo wa juu. Kilichobaki kinaisha siku ya kumi au ya kumi na mbili. Mbelewele zinatoka, hariri za mahindi zinakauka, na mvua ya siku ya 25 inakuta mabua. Kwenye daftari la kituo cha hali ya hewa mashamba yote mawili yamepata mvua ya kawaida. Na bima ya mazao inayopima jumla ya msimu peke yake haitamlipa huyu wa pili hata senti.

Mkulima wa Dodoma anaifahamu vizuri habari hii. Mkoa hupata karibu milimita 570 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, na katikati yake, hasa Februari, mvua hukatika. Ndiyo maana uwele na mtama vilikuwa chakula cha Wagogo, wenyeji wa mkoa huo, kabla ya mahindi kushika soko.

Kupanga kwa ajili ya mapengo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli, wa masika na wa msimu mmoja, ikieleza wapi mvua zitakuwa juu, chini au sawa na wastani, na pia zinatarajiwa kuanza na kukoma lini. Kinachobebwa na wengi hadi kijiweni ni kipande cha kwanza tu: mvua nyingi au chache. Bwana shamba anayetaka kumsaidia mkulima aanze na maswali mengine. Je, kuna pengo la ukame linalotarajiwa? Taarifa mpya ya siku kumi inasemaje? Mbegu iliyopo dukani huchukua siku ngapi hadi kuvuna?

Kazi kubwa zaidi ni kuyazuia maji yanapoanguka. Machakos nchini Kenya, iliyolaumiwa miaka ya 1930 kwa mmomonyoko wa udongo, ilijikomboa kwa matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Kitui, hukohuko Kenya, wanajenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, na maji hujificha chini ya mchanga jua lisiyafikie. Kijiji cha Chololo, Dodoma, kimeipa jina lake mbinu ya kupanda ndani ya vishimo vinavyokusanya maji. Yote haya hufanya kazi moja: kuigeuza mvua ya siku mbili itumike wiki tatu.

Kwa wahandisi, kalvati iliyochorwa kwa takwimu za miaka ya 1970 inapimwa na mvua ya leo, na hushindwa usiku wenye mvua. Kwa madiwani, fedha za maafa zinazotafutwa baada ya daraja kusombwa zingeweza kuchimba malambo mwaka uliotangulia. Akiba haiozi, na katika nchi ambayo mwaka wa mafuriko na mwaka wa kiu sasa hupokezana bila hodi, akiba ya kwanza ya kuweka ni maji yenyewe. Halmashauri ikileta bajeti iliyojengwa juu ya mvua ya wastani, mwananchi ana haki ya kuuliza ni mwaka gani, katika hii mitano iliyopita, mvua hiyo ilinyesha kwake.