Maziwa yasiposhuka baada ya damu nyingi

Mzazi amejifungua salama. Maneno hayo huzifikia nyumba nyingi baada ya usiku wa hofu: kondo la nyuma lilikawia, damu ikatoka bila kukatika, ndugu wakakimbia huku na huko kutafuta wa kuchangia. Kisha damu ikakoma, mtoto akaadhiniwa, watu wakamshukuru Mwenyezi Mungu. Wana haki ya kushukuru. Ila kwa baadhi ya akina mama hao, usiku ule huacha jeraha ambalo huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kutambuliwa.

Jeraha hilo liko kichwani. Chini ya ubongo ipo tezi inayoitwa pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hii ndiyo inayoziamrisha nyingine: ile ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili, zile zilizokaa juu ya figo zinazotoa kortizoli, homoni ya kuuwezesha mwili kustahimili maradhi na mishtuko, na ovari, zinazoleta hedhi. Yenyewe hutoa homoni ya kutengeneza maziwa, na kwa ajili hiyo hukua sana wakati wa ujauzito, ilhali damu inayoifikia haiongezeki kwa kiwango hicho. Mama anapotokwa na damu nyingi na presha kuporomoka, sehemu ya mbele ya tezi hukosa damu ikafa. Tabibu Mwingereza Harold Sheehan, aliyefanya uchunguzi katika hospitali ya wazazi mjini Glasgow, aliyaeleza haya kwa kina mwaka 1937, na ugonjwa ukapewa jina lake. Katika nchi tajiri umekuwa adimu, kwa sababu huko damu ya uzazi hudhibitiwa mapema.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa. Matiti hayajai. Mzazi hunyweshwa uji wa pilipili manga, hupikiwa supu, na bado mtoto hulia kwa njaa. Kukosa maziwa kuna sababu nyingi, na wengi wanaopatwa na hali hiyo tezi yao ni nzima. Lakini kwa mama aliyepoteza damu nyingi, jambo hili aambiwe daktari upesi. Nifasi huisha, miezi hupita baada ya kumwachisha mtoto kunyonya, na hedhi hairudi. Ipo na dalili nyingine ambayo wanawake huona haya kuitaja: mama aliyezoea kunyoa kwapa na kinena, kama sunna inavyoelekeza, anagundua kuwa hana tena cha kunyoa. Hilo nalo alitaje, kwani ni ishara nzito kwa daktari.

Kisha huja uchovu usioisha kwa kulala, baridi hata wakati wa joto, ngozi kukauka, kizunguzungu anaposimama. Hapo ndipo nyumba huanza kusema. Wifi ataona uvivu, jirani ataona husda, na mume, asipokuwa na subira, ataona mke aliyemchoka. Asomewe kisomo, hakuna ubaya; na hospitali apelekwe.

Hospitalini nako anaweza kupewa vidonge vya kuongeza damu akarudishwa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyeuliza kuhusu uzazi wa miaka sita iliyopita, wala yeye hakuona uhusiano wowote. Basi aseme mwenyewe, au mumewe amsemee: "Nilipojifungua nilitokwa na damu nyingi, sikupata maziwa, na hedhi haikurudi." Sentensi hiyo moja humwelekeza daktari kwenye vipimo vya homoni, pamoja na picha ya kichwa inapohitajika.

Afadhali, bila shaka, damu izuiwe tangu mwanzo. Sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa ni kinga inayojulikana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama na tiba zote zikatolewa kwa pamoja bila kungoja, madhara makubwa ya kutokwa na damu hupungua kwa asilimia 60.

Aliyekwisha kupatwa hutibiwa kwa vidonge vinavyojaza pengo la homoni, kwa kawaida maisha yake yote. Haidrokotizoni, badala ya kortizoli, hutangulia. Dawa ya homoni ya tezi ya shingo hufuata, kwani kuitanguliza kunaweza kumtia mgonjwa hatarini. Wapo waliopata nguvu zao upya, na wapo walioshika mimba tena.

Dawa hizi haziachwi ghafla. Akipata homa, kipimo cha haidrokotizoni huongezwa kama daktari alivyomwelekeza. Akitapika asiweze kumeza, apelekwe hospitali mara moja apigwe sindano. Na kuhusu Ramadhani, azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha ayapeleke maelezo hayo kwa shekhe wake. Ruhusa ya mgonjwa kula iko wazi katika sheria, na mume asimwache mkewe aanguke sebuleni saa tisa alasiri kwa kuona haya kwamba majirani watamwona anakunywa maji.