Riwaya inapokwisha kabla ya hadithi

Wapenzi wengi wa riwaya wanaijua kero hii. Umefika ukurasa wa mwisho, muuaji hajajulikana, vita havijapiganwa, na chini kabisa kuna mstari mmoja unaosema hadithi itaendelea katika kitabu kijacho. Kinachouma zaidi ni kwamba jalada halikusema lolote.

Sisi tunaoishi ughaibuni tunakutana na jambo hili mara kwa mara, kwani vitabu vyetu vingi tunavinunua kwenye maduka ya mitumba. Namba ya kitabu huenda imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, au imefichwa kurasa za ndani, au haipo kabisa. Tukishamaliza kusoma, kitabu tunakitia sandukuni na kukipeleka nyumbani. Ndugu yetu wa Tanga au Mombasa anakipokea kwa furaha, halafu anabaki njia panda, kwa sababu cha pili hakipo katika duka lolote lililo karibu naye.

Mipango hubadilika

Ni kweli kwamba wakati mwingine hata mwandishi mwenyewe hajui safari itakuwa ndefu kiasi gani. George R. R. Martin wa Marekani alipotoa A Game of Thrones mwaka 1996, alikusudia vitabu vitatu tu. Baadaye mpango ukawa vitabu saba. Cha nne kilitoka mwaka 2005 na cha tano mwaka 2011. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo ilianza mwaka 2011 na kufikia tamati mwaka 2019, huku kitabu cha sita kikiwa bado hakijatoka.

Robert Jordan, naye wa Marekani, alianza mfululizo wa The Wheel of Time mwaka 1990. Alifariki dunia Septemba 2007 kabla ya kuumaliza. Brandon Sanderson ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo, na kitabu cha 14, ambacho ndicho cha mwisho, kilitoka Januari 2013. Aliyekianza cha kwanza akiwa kijana wa miaka 20 alifika mwisho akiwa amevuka 40.

Wachapishaji nao wana hesabu zao. J. R. R. Tolkien wa Uingereza aliiandika The Lord of the Rings kama hadithi moja, lakini kwa gharama za karatasi baada ya vita ikatolewa kwa juzuu tatu, kati ya mwaka 1954 na 1955. Waliomaliza juzuu ya pili walisubiri ya tatu kwa takriban miezi 11.

Mfano wa Bwana Msa

Hatusemi kwamba mfululizo ni jambo baya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na vinginevyo. Elvis Musiba naye alitupa Willy Gamba. Mpelelezi ni yuleyule, lakini fumbo la kila kitabu hufumbuliwa humohumo. Unaweza kuanzia popote na usidhulumiwe.

Hata neno "itaendelea" si geni kwetu. Wengi wetu tulikuzwa na hadithi za magazetini, tukisubiri toleo lijalo kwa hamu. Lakini pale tulijua tunachonunua, na bei ilikuwa ya gazeti.

Kwa hiyo tunachodai si kitu kikubwa. Kitabu kiseme juu ya jalada kwamba ni cha ngapi, na kwamba hadithi haiishii humo. Ombi hili linawahusu pia waandishi wetu wa Kiswahili wanaouza hadithi kwa vipande kupitia simu. Mweleze msomaji tangu sehemu ya kwanza kwamba kuna nyingine mbele, na zitamgharimu kiasi gani.

Msomaji aliyeambiwa ukweli atasubiri hata miaka sita, lakini aliyenaswa bila kujua anaweza asirudi tena kwa mwandishi huyo. Kwa sasa, ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa fungua kwanza ukurasa wa mwisho. Usiusome wote, tazama tu kama kuna ahadi ya kitabu kingine.