Myst: mchezo wa ordinatere wenye hauna bunduki

Kijana akisema anacheza ku ordinatere, wazazi wengi wanafikiria mara moja vita, mbio za gari ao mpira. Lakini kuko mchezo moja, ulitoka Marekani mwezi wa 9 mwaka wa 1993, ambamo hakuna adui wa kupiga, hakuna saa ya kukukimbiza, na ni vigumu hata kupoteza. Unaitwa Myst. Uliuzwa zaidi ya kopi milioni 6. Kwa miaka mingi hakuna mchezo wa ordinatere uliouzwa kuushinda, mpaka The Sims ulipoupita mwaka wa 2002.

Nani waliutengeneza?

Ni ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, pamoja na kikundi kidogo cha kampuni yao Cyan, katika jimbo la Washington. Mbele ya pale walikuwa wanatengeneza michezo ya watoto. Watu walikuwa wachache, basi wao wenyewe wakaigiza ndani ya mchezo, na Robyn akatunga muziki.

Ordinatere za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuchora dunia nzima wakati mtu anatembea. Wakatengeneza picha moja moja, karibu 2.500, na kuziunga. Ukigusa mbele, picha ingine inakuja, na unaona sawa vile macho yako yangeona. Diskete za kawaida hazingebeba picha hizo zote, ndiyo maana mchezo ulitoka kwenye CD-ROM, kitu ambacho kilikuwa bado kipya katika nyumba nyingi.

Umwamini nani?

Unajikuta kwenye kisiwa kisicho na watu. Hakuna mtu anakueleza kitu. Ndani ya maktaba, vitabu vingi vimechomwa. Viwili vya ajabu vimebaki, kimoja chekundu, kingine cha bluu. Ndani ya kile chekundu amefungwa Sirrus. Ndani ya kile cha bluu, ndugu yake Achenar. Sauti zao zinakatika-katika kama radio yenye mawimbi mabaya. Kila mmoja anaomba umletee kurasa za rangi yake, na kila mmoja anamshitaki mwenzake kwa mabaya yaliyoipata familia yao.

Kurasa ziko katika dunia zingine ine, na kila dunia inafunguliwa na fumbo. Pamoja, unaelekeza maji katika mabomba ili mashine zitembee; pengine, unafuata sauti tu. Na huwezi kubeba kurasa mbili mara moja.

Lakini mwenye kuangalia vizuri anaona vyumba vya wale ndugu. Kile cha Sirrus kimejaa mali na anasa. Kile cha Achenar, vyombo vya kutesea. Kumbe wote wawili wanadanganya! Ukimpa mmoja wao ukurasa wa mwisho, yeye anatoka, na wewe unafungwa pahali pake.

Jibu liko kwa mtu wa tatu, mwenye hapigi kelele: Atrus, baba yao, ndani ya kitabu cha kijani kilichofichwa. Huyo anasema kweli. Lakini hata kwake, ukienda bila ukurasa mweupe anaouhitaji, mnabaki mmefungwa wote wawili. Kumwamini mtu wa kweli haitoshi. Unapaswa pia kufika na kile anachoomba.

Karatasi na kalamu

Ndani ya karatoni ya mchezo mlikuwa kitabu kidogo kitupu cha kuandikia. Hakikuwa zawadi ya bure. Asiyeandika alama na sauti alizokuta, anazunguka bila kufika. Leo Myst unapatikana hata kwa telefone, na mafumbo yangali yanaomba kitu kilekile: kusikiliza pande zote, kuangalia nyumba ya kila msemaji, kisha kuamua.