Kwa Nini Mwezi Huchelewa na Nyota Huwahi

Jioni ya mwandamo, watu wanapopanda madarini na kusimama ufukoni kuutafuta mwezi, aghalabu utamsikia mmoja wao akisema kwamba mwezi umetoka magharibi. Na kwa kuwa mchana kutwa hakuuona popote, ni vigumu kumlaumu. Lakini mwezi, uwe mchanga au mpevu, hauchomozi ila mashariki. Ule uzi mwembamba ulio juu ya machweo ulichomoza matlai asubuhi ile ile, nyuma kidogo ya jua, ukapanda nalo, ukapita nalo juu ya vichwa vyetu huku umefichwa na mwanga wake, na wakati unapodhihiri machoni petu ndipo unapokaribia kuzama.

Asili ya kosa hili, na ya mengine mengi yasemwayo juu ya falaki, ni kwamba saa zetu zimefungwa kwa jua. Mwenye kuipima mbingu kwa saa ya jua ataona nyota zinawahi kila siku na mwezi unachelewa kila siku, ilhali hakuna kati yao aliyevunja miadi yake.

Dunia hujizungusha juu ya mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, na mzunguko mmoja kamili, ukipimwa kwa nyota, huchukua saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Katika muda huo, hata hivyo, dunia imekwisha kusogea kadiri ya daraja moja katika njia yake ya kulizunguka jua, hata haina budi kujizungusha kwa takriban dakika nne zaidi ndipo ilielekee jua tena. Dakika nne ni kitu kidogo. Lakini kwa siku thelathini ni saa mbili, na nyota iliyochomoza leo saa mbili usiku, mwezi ujao utaikuta ikichomoza saa kumi na mbili jioni.

Kitazame Kilimia. Mwezi wa Novemba huchomoza jua linapozama na kukesha angani. Kisha hutangulia kidogo kila usiku, hata mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa hayajesha, hutumbukia katika mwanga wa machweo, na baada ya siku zipatazo arobaini huzuka alfajiri upande wa mashariki, kipupwe kimekwisha kuingia. Wazee husema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kama utabiri, mimi siudhamini. Ama kama hesabu ya majira, mkulima asiye na kalenda hakuwa na hesabu iliyo bora kuliko hiyo.

Mwezi nao una safari yake mwenyewe. Huizunguka dunia kuelekea mashariki kwa siku 27 na theluthi hivi, yaani daraja 13 kila siku, kwa hiyo dunia ikimaliza zamu yake haiukuti pale ulipokuwa jana, na huhitaji kwa wastani dakika 50 zaidi kuufikia. Asiyesadiki na autazame usiku mmoja wa Julai au Agosti, unapopita katika burji ya Akrabu karibu na ile nyota nyekundu iliyo moyo wa nge. Na usiku wa pili, saa ile ile, atakuta umeiacha nyota hiyo upande wa magharibi kwa zaidi ya upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa.

Siku 27 hizo ni za kuirudia nyota ile ile. Kuanzia hilali hadi hilali ni kulirudia jua, na jua nalo halikungoja: mshale mrefu wa saa, ukianza pamoja na mfupi kwenye kumi na mbili, ukizunguka mara moja haumkuti mwenzake pale pale, bali huendelea mbele kumfuata. Ndiyo sababu mwezi wa mwandamo, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44, na mwandamo huja mara baada ya siku 29, mara baada ya siku 30. Miezi kumi na miwili kama hiyo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11. Kwa hiyo mabaharia na wakulima wa pwani, katika mambo ya pepo na kilimo, walishika hesabu ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo.

Maji ya bahari hufuata mwezi, na dakika hamsini zake watu wa pwani wanazijua hata wasipozihesabu. Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba bamvua ina saa zake. Unguja na Mombasa, siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hubadilishana. Sababu ni kwamba bamvua haiji mpaka jua, dunia na mwezi vikae katika mstari mmoja, na vikikaa hivyo, saa ya mwezi na saa ya jua husema jambo moja. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza hujua mapema kwamba siku hizo miamba itakuwa wazi kabla ya adhuhuri.

Pana pia jambo la mahali tuliposimama. Karibu na ikweta, nyota hupanda wima, na njia ya jua na mwezi husimama karibu wima vile vile. Kwa hiyo hilali yetu hulala chali, pembe juu, kwa kuwa jua liko chini yake, na pembe daima hulipa jua kisogo. Nyota ya Jaa nayo, iliyo kaskazini, kimo chake juu ya upeo wa bahari ni sawa na umbali wa mtazamaji kutoka ikweta kwa daraja: Maskati ni zaidi ya 23, na nahodha aliyeshuka na kaskazi aliiona ikididimia usiku hata usiku, mpaka alipofika Lamu, kusini mwa ikweta, ikawa haifai tena kwa kipimo, akageukia Suheli na nyota nyingine za kusini. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake cha ubaharia mwishoni mwa karne ya 15, alivipima vimo hivyo kwa vidole, kila kidole kikiwa daraja moja na nusu na ushei.