Umeegesha wapi ulichokodi?

Jumapili ya leo nakualika tutafakari pamoja juu ya kitu cha kawaida kabisa: baiskeli ya kukodi, na faini inayokuja nyuma yake.

Wengi wetu tunazikumbuka baiskeli za kukodi za utotoni. Fundi alizipanga chini ya mwembe, ukatoa shilingi zako, ukapewa nusu saa. Fundi alikujua, na baba yako alimjua. Ukirudi umechelewa kwa sababu ya pancha, alilikagua tairi mwenyewe, akauona mwiba, mkamalizana.

Siku hizi, katika miji mingi ya Ulaya, Asia na Marekani, kazi ya fundi yule inafanywa na simu. Unafungua programu, unaskani alama iliyoko kwenye baiskeli, kufuli linaachia, unaondoka. Ukifika unakokwenda unaiegesha, unaifunga, na fedha zinakatwa kwenye akaunti yako. Ni huduma nzuri, isiyo na foleni wala moshi. Lakini kwa watu wengi, wakiwamo vijana wetu wanaosoma huko, imekuwa chanzo cha manung'uniko.

Kijana mmoja wa usharika wetu, aliye masomoni ng'ambo, alinipigia simu akiwa amekasirika. Aliegesha baiskeli ndani ya mistari iliyochorwa, lakini mtambo ukasoma kuwa iko nje. Akakatwa faini inayotosha chakula chake cha siku mbili. Akaandika kujieleza, akajibiwa kwa ujumbe ulioandaliwa tayari, usiogusa hata neno moja la malalamiko yake. Akaniambia, "Baba Mchungaji, kuanzia leo nitaziacha popote pale. Kama ni kosa, nimeshalilipia."

Msomaji wangu, tulia kidogo kwenye maneno hayo, maana si ya kijana huyo peke yake. Uliyefungiwa gari mnyororo mjini huku risiti ya maegesho iko mfukoni, unayajua. Tukionewa mara moja, tunajiona tumenunua ruhusa ya kukosea mara kumi. "Wameshanila, na mimi nitawala." Je, hesabu hiyo ni sahihi mbele za Mungu?

Suala la baiskeli za watu wote si jipya. Mwaka 1965, mjini Amsterdam, vijana wa kundi lililoitwa Provo walipaka baiskeli chache rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli, ili yeyote achukue, aendeshe, aache. Polisi wakazikamata, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Ndoto ikaishia hapo, lakini swali likabaki: kitu kisicho na mwenyewe machoni petu tutakitunzaje?

Miaka 50 baadaye, China ilijibu swali hilo kwa uchungu. Kampuni ya ofo, iliyoanzishwa mwaka 2014 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, ilijaza miji baiskeli za njano. Mteja alitanguliza amana ya yuan 99, baadaye ikapanda hadi 199. Baiskeli zikazagaa kila kona, na zile zilizoondolewa barabarani zikarundikwa viwanjani kama vilima vya vyuma. Kampuni ilipoishiwa fedha, Desemba 2018, zaidi ya watu milioni 10 walikuwa kwenye foleni ya mtandaoni wakidai amana zao. Pale mkosaji hakuwa mwendeshaji peke yake. Na wenye mali waliikosea amana ya watu.

Sasa fungua Biblia yako, Kutoka 22:14-15. Taifa limetoka utumwani, liko jangwani, na Mungu anasema nalo habari za punda wa kuazima. Mnyama akiumia au kufa wakati mwenyewe hayupo, aliyemwazima atalipa. Mwenyewe akiwapo, hatalipa. Na kama alikodiwa, hasara inahesabiwa ndani ya ile kodi. Unaona uangalifu huo? Mungu anamlinda mwenye mali asipotezewe, na anamlinda mkodishwaji asikamuliwe mara mbili. Sheria hiyo inataka kujua kwanza kilichotokea, ndipo idai malipo. Mtambo unaotoza kabla ya kuuliza haujafika hata kwenye haki ya jangwani.

Kwa hiyo, kudai haki yako si dhambi. Mjane wa Luka 18 alimrudia hakimu mkaidi mpaka akasikilizwa. Paulo, katika Matendo 16, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu. Alitaka wakubwa waje wenyewe. Nilimshauri kijana wangu afanye vivyo hivyo: apige picha ya baiskeli kila anapoegesha, atunze saa na mahali, aandike tena kwa heshima, aombe mtu aisome barua yake. Mpaka naandika haya, hajarudishiwa fedha zake.

Lakini angalia: yule mjane alimsumbua hakimu, hakwenda kung'oa uzio wa jirani. Hapo ndipo hesabu ya "nimeshalipia" inapovunjika. Ukiitupa baiskeli katikati ya njia ya waenda kwa miguu, kampuni haijikwai. Anayejikwaa ni asiyeona anayepapasa njia kwa fimbo nyeupe. Ni mama mwenye mtoto mgongoni anayelazimika kushuka barabarani kwenye magari. Ni mzee wa kiti mwendo anayerudi alikotoka. Hao hawakukutoza hata senti. Umeonewa na mmoja, ukamlipiza mwingine.

Walawi 19:14 inakataza kumwekea asiyeona kikwazo njiani, kisha papo hapo inatuambia tumche Mungu. Kwa nini kumcha Mungu kutajwe hapo? Kwa sababu asiyeona hawezi kujua nani aliyemwekea kikwazo. Hawezi kukushitaki wala kukutambua kesho mkipishana. Amebaki shahidi mmoja tu. Singapore, kuanzia mwaka 2019, mwendeshaji anatakiwa kuskani alama iliyoko kwenye eneo la maegesho kabla ya kumaliza safari, asipofanya hivyo anatozwa zaidi. Ni utaratibu wa maana, lakini alama ya kuskani inaona baiskeli tu. Mungu anamwona na atakayepita baada yako.

Huku kwetu baiskeli hizo ni chache, lakini kikwazo tunacho. Bodaboda iliyopandishwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, gari lililoziba lango la zahanati "kwa dakika mbili tu", meza ya biashara iliyomlazimisha mtoto wa shule kutembea barabarani. Sote tuna sababu zetu, na nyingine ni za kweli. Asiyeona hazioni.

Na wewe unayetoza, sikia pia. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, katika Luka 3:13, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidai zaidi ya kilichopangwa. Kama unafunga minyororo, unaandika faini au unasimamia mfumo wa kompyuta, mpe mtu nafasi ya kusikilizwa. Na kama umeshika amana ya mtu, Walawi 6 inasema aliyeidhulumu arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake.

Wiki hii, kabla hujakiacha chombo chako mahali, geuka nyuma mara moja. Uliza: nani atapita hapa baada yangu? Kama una faini ya uonevu, idai kwa aliyekutoza, kwa ushahidi na kwa adabu. Usimdai mpita njia.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kudai haki bila chuki, na macho ya kumwona anayepita baada yetu. Wanaotoza wafundishe kusikiliza. Nasi tukumbushe kwamba tunachotumia ni cha kuazima, na kwamba wewe, mwenye vyote, upo. Amina.