Kisu cha Kukunja: Kipime Kabla Hujatoa Fedha

Kando ya mji wa Naivasha pana mahali paitwapo Kihoto. Kwa lugha ya Kikuyu neno hilo maana yake ni haki, yaani hoja yenye nguvu inayoshinda shauri. Basi wewe mkulima, ukitaka kununua kisu cha kukunja cha bei rahisi, fanya kama wafanyavyo wazee wa shauri. Usifuate maneno matamu ya mwenye kuuza. Kiulize kisu chenyewe, nacho kitakujibu.

Kisu hiki ni chombo kidogo, lakini hebu hesabu kazi zake za siku moja. Asubuhi hukata kamba ya robota la nyasi kavu. Baadaye hufungua gunia la mbolea. Mchana huvuna kabichi na sukuma wiki. Jioni huenda kikamwokoa ndama aliyejinyonga kwa kamba yake. Kisu kibovu chaweza kukupotezea ndama huyo, au kukukata vidole ukiwa mbali na hospitali. Kwa hiyo yafaa ukipime kwa njia nne.

Kwanza, kiungo. Fungua kisu, ushike mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mkono wa pili, kisha ulisukume bapa kulia na kushoto. Likichezacheza kingali kipya, litalegea zaidi ukianza kazi. Tazama pia kama bapa linakaa katikati ya mpini likikunjwa. Likigusa upande mmoja, makali yatakuwa yakisagika kila siku.

Pili, kizuizi. Visu vingine vina springi tu, havina kitu cha kuzuia bapa lisijikunje. Hivyo vyafaa kwa kazi nyepesi, lakini usivitumie kuchoma wala kusukuma kwa ncha. Kama kisu kina kizuizi, kifungue, weka vidole vyote mbali na njia ya makali, kisha ugongegonge mgongo wa bapa polepole juu ya ubao. Kikijikunja, kirudishe mezani. Afadhali kikudanganye juu ya ubao kuliko juu ya vidole vyako.

Tatu, chuma. Chuma kisichoshika kutu hupendeza macho, na chafaa kwa mtu anayekata mboga zenye maji. Lakini kwa visu vya bei ndogo mara nyingi chuma hicho ni laini, na makali yake hayakai. Chuma cha kawaida hushika kutu upesi usipokifuta, lakini hunoleka kwa urahisi. Jaribu hivi: kinoe kisu, ukate kamba ya katani mara kumi, halafu ukate karatasi ya gazeti. Kikikata karatasi bila kuirarua, chuma ni kizuri. Kama mwenye duka hakuruhusu kujaribu, muulize rafiki aliye na kisu cha namna hiyo hiyo.

Nne, mpini. Ulowanishe mkono, kisha ukishike kwa nguvu. Mpini unaoteleza mkononi ni hatari hata kama bapa ni zuri.

Tuchukue mfano wa kisu kinachojulikana sana katika Afrika, kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka wa 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu mwaka wa 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Kile cha aina ya zamani kina bapa la chuma kinachoshika kutu, mpini wa mti, na kipete mgongoni. Ukikifungua hulia ka-ka-ka, na ili ukikunje ni lazima uvute kile kipete. Lakini viko visu vingi vilivyofanywa kwa umbo kama hilo, kwa hiyo usinunue kwa kutazama umbo peke yake. Kila kimoja kipimwe.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kisu cha shilingi 200 kimedumu miezi 4. Hiyo ni shilingi 50 kwa mwezi. Tuseme kingine cha shilingi 500 kimedumu miezi 20. Hiyo ni shilingi 25 kwa mwezi. Kipi ni rahisi? Walakini, hata kisu cha shilingi 200 chaweza kudumu sana kikipata utunzaji. Udongo wa Naivasha una vumbi la volkano, nalo huingia katika kiungo na kukisaga. Kila jioni futa bapa, pangusa vumbi ndani ya mpini kwa kijiti, na mara moja kwa juma tia tone la mafuta ya cherehani. Ukinoa, lowanisha jiwe, na kama bapa lina upana wa sentimita 2, inua mgongo wake kiasi cha milimita 6 au 7. Usikitumie kisu kama bisibisi wala kufungulia makopo.

Ziko kazi mbili ambazo hata kisu bora kisizifanye. Ya kwanza ni kukata mbegu za viazi. Ukikata kiazi chenye ugonjwa wa mnyauko, kisu hupeleka ugonjwa katika viazi vizima vinavyofuata, nao huingia katika udongo wa shamba lako. Panda viazi vizima vyenye ukubwa wa yai. Ya pili ni kumpasua mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda puani au nyuma. Huenda ni kimeta. Mwaka wa 2015 ugonjwa huo uliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mzoga ukipasuliwa, vijidudu hupata hewa, huvaa ganda gumu, na hukaa katika udongo miaka mingi. Tena huua watu. Acha kisu mfukoni, zuia watoto na mbwa, ukamwite daktari wa mifugo.

Mwisho, kisu ni chombo cha kazi. Ukienda barazani au mahali pa pombe, kiache nyumbani.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu kinachong'aa. Kikishinda majaribio yote manne, toa fedha yako bila wasiwasi, hata kama ni kisu cha bei ndogo. Kikishindwa, kiache mezani, hata kama mwenye kuuza amekupunguzia bei mara mbili.